Jina Kwenye Kona ya Karatasi

Najiat alinikuta napiga pasi kitambaa cha altare. Kitambaa kile ukikiachia kidogo tu kinakauka na mikunjo yake, kwa hiyo nilimwitikia hodi bila kuinua macho.

"Karibu, pita. Usiikanyage ndoo."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Wa mzee Twalibu. Mjukuu wake."

Hapo nikainua macho. Mzee Twalibu, Mungu amrehemu, alikuwa na duka la kanda karibu na soko kuu. Miaka ile ukitaka muziki unakwenda kwake, anakunakilia kanda yako huku amekaa kwenye kigoda, kofia imelala upande. Alikuwa na ugonjwa mmoja: hakumpa mtu kanda ambayo yeye mwenyewe hakuisikiliza mpaka mwisho. Ukiwa na haraka unarudi kesho.

Binti alikuwa na pua ya babu yake na ushungi wa rangi ya maziwa. Nikamvutia kiti. Akatoa simu na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mama, unamkumbuka Zablon Ngollo?"

"Dakika Tatu?"

Akacheka. "Nilijua utalitaja hilo jina."

Nani asiyelijua. Wakati ule wimbo wa dansi ulikuwa unakwenda robo saa. Waimbaji wanaimba maneno yao, wakimaliza magitaa yanachemka, na hapo ndipo watu wanacheza mpaka mashati yanashika mgongo. Ngollo yeye alikuwa na magitaa mawili yanayokwenda mbio kama mvua ya mawe juu ya bati, watu watatu wanaitikia kiitikio kitamu, wanapiga makofi, kwisha. Dakika tatu. Mwanamume kamwomba mwanamke, wamefika katikati ya ukumbi, wimbo umeisha, wamebaki wameshikana mikono kama wanaoagana stesheni. Watu walikasirika. Walisema Ngollo anakuonjesha muwa halafu anaunyang'anya. Basi hakuwa mkubwa kamwe. Wengine walipanda treni wakaenda Dar na majina yao yakakua, yeye akabaki hapa na karanga zake.

"Kuna watu Dar wanatoa diski yake," Najiat akasema. "Nyimbo zake toka alipoanza mpaka alipoacha, zote mahali pamoja. Mimi ndiye ninayezikusanya. Nyingi zilikuwa kwenye maboksi ya babu. Orodha inatakiwa Ijumaa ijayo."

Akaikunjua karatasi. Kulikuwa na majina ya nyimbo na miaka yake. *Batuli Fungua. Asali ya Usinge. Sukari ya Kopo.* Mwaka wa kwanza sabini na tisa, wa mwisho elfu mbili na kumi na sita. Katikati pana mahali peupe, upana wa vidole vinne.

"Hapo ndipo pananisumbua," akasema. "Themanini na nane mpaka tisini na saba, hakuna hata wimbo mmoja. Mtu aliyekuwa anatoa nyimbo mbili, tatu, kila mwaka! Namuuliza, ananiambia alikuwa analima karanga."

"Labda alikuwa analima karanga."

"Mama, kabla ya hapo alilima na akaimba. Baada ya hapo akalima na akaimba."

Nikampenda mtoto huyu. "Na mimi nimeingia wapi?"

"Watu wawili wameniambia miaka ile alikuwa haishi kuja hapa. Kwa Mwalimu Leodgar."

Mwalimu Leodgar ndiye marehemu mume wangu. Aliifundisha kwaya ya parokia yetu miaka ishirini na saba, akafariki mwaka elfu mbili na kumi na tatu. Na ni kweli, Ngollo alikuwa anakuja, siku za Jumatano, na begi la bisibisi. Alikuwa anatengeneza vipaza sauti vya kwaya. Wanaingia wote wawili kile chumba cha nyuma, nawapelekea chai, naufunga mlango kwa sababu Leodgar hakupenda kuku waingie kwenye makaratasi yake. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Najiat.

"Kila Jumatano? Kwa miaka tisa?" akauliza.

"Vilikuwa vibovu sana."

Hakubisha. Aliweka simu yake mezani. "Basi nisaidie kitu kimoja tu. Hapa kuna sauti ya mwanamke inaitikia, simjui. Labda wewe utamjua." Akabonyeza.

Ilikuwa *Batuli Fungua*. Mwanamume anagonga mlango, Batuli hataki kufungua, basi. Sauti ya mwanamke sikuitambua. Lakini kwenye kiitikio, pale gitaa la pili lilipotakiwa kwenda chini ya lile la kwanza, lilipanda juu yake, likakaa huko kama mtoto aliyepanda bega la baba. Na kabla ya kiitikio cha mwisho vyombo vyote vikanyamaza. Pigo moja tu. Kisha wote wakaingia kwa pamoja.

Nusura niunguze kitambaa cha altare.

Ni lazima niwaeleze *Tumebeba Toka Mbali*. Ni wimbo wa matoleo. Unasema habari za watu waliotembea na mizigo kichwani, na sasa wamefika wanaitua mbele ya Bwana. Ukifika kwenye kanisa lolote Katoliki kutoka Kigoma mpaka Manyoni nilikozaliwa utaukuta, na kwenye kona ya juu ya karatasi, mkono wa kulia, utakuta *L. Maganga*. Leodgar Maganga, mume wangu. Nikienda misa ya ugeni watu wananionyesha: yule ndiye mjane wa Tumebeba. Wananipa kiti cha mbele. Kwenye kaburi lake tumeandika mtunzi, na jina la wimbo chini yake.

Sasa, katika wimbo ule sauti ya pili, alto, ambayo ndiyo naiimba mimi, inapanda juu ya sauti ya kwanza. Haifanyi hivyo katika wimbo mwingine wowote tuliokuwa nao. Leodgar aliniambia ilimjia akiwa shambani. Na kabla ya kiitikio cha mwisho kwaya nzima inanyamaza pigo moja. Mgeni asiyejua anatumbukia mle kwenye ukimya, anasikika peke yake, tunamcheka mpaka mwezi unaisha. Halafu ni mfupi. Baba Paroko kila siku analalamika kikapu hakijafika viti vya nyuma na wimbo umekwisha, ndiyo maana tunauimba mara mbili.

"Hii ya mwaka gani?" nikauliza.

"Themanini na sita."

"Rudisha."

Akarudisha. Nikamwambia arudishe tena. Tuni haikuwa ya Tumebeba, maneno ndiyo kabisa. Lakini ungo ukiletwa sokoni, hata kama sura yake ni mpya, mama anayejua anaangalia ulivyofungwa ukingoni anakwambia huu kausuka fulani.

Tumebeba ni ya themanini na tisa.

"Umemjua mwanamke?" Najiat akauliza, ananiangalia sana.

"Simjui. Niachie siku mbili."

*

Kesho yake mchana nilifungua sanduku la bati la Leodgar. Sikuwa nimelifungua tangu arobaini yake. Daftari zake zilikuwa nne, amezipanga, amezifunga na kamba ya katani.

Mimi nota nazisoma, alinifundisha mwenyewe. Nilikaa kwenye mkeka nikafungua ukurasa baada ya ukurasa. Leodgar alitunga nyimbo thelathini na moja. Ishirini na nne kati ya hizo hakuna parokia inayoziimba, hata yetu. Kwenye hizo amefuta, ameandika, amefuta tena, mahali pengine kifutio kimetoboa karatasi unaona ukurasa wa nyuma. Nilikumbuka alivyokuwa anakaa nazo, kidole sikioni, akirudia mistari miwili jioni nzima.

Zile saba ambazo watu wanaziimba hazikuwa zimefutwa hata mahali pamoja. Zimeteremka safi kutoka juu mpaka chini, kama mtu aliyeandikishwa barua. Na juu ya kila moja, kwa penseli ndogo, ameweka siku. Jumatano. Jumatano. Jumatano.

Kwenye kona, kwa wino, L. Maganga.

Anayejua kazi ya kwaya anajua kona ile ni kitu gani. Karatasi za nota zinanakiliwa kwa mkono, parokia hii inaazima kwa ile. Njiani maneno yanabadilika, nota zinadondoka, ubeti wa tatu unapotea. Jina la kwenye kona halidondoki. Hata anayenakili akiwa hajui kuimba, kona ataiandika. Na pana nafasi ya jina moja.

Sikulia. Nitasema ukweli, kwanza nilichokuwa nacho kilikuwa ni hamu ya kujua, kali kama njaa. Miaka yote ile nilikuwa upande wa huku wa mlango, nimeshika sinia. Nilitaka kujua upande wa kule walikuwa wanafanya nini. Hofu ilikuja baadaye, nikiwa nimeshavaa viatu: je, nikijua, Leodgar atabaki na nini?

*

Ngollo anakaa Itetemia, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba. Nilikwenda na bodaboda, nikashuka mapema ili nitulize moyo.

"Hodi humu, mla michembe ya viazi!"

"Sauti ya njaa hiyo," akajibu kutoka uani. "Mgogo huyo!"

"Ndiye. Fukuza mbwa."

"Mbwa wangu hawamli Mgogo, hana nyama. Pita, shemeji."

Mimi ni Mgogo, yeye Mnyamwezi, kama alivyokuwa Leodgar. Babu zao walikuwa wanapita kwetu na mizigo ya watu wakienda pwani, na babu zetu hawakuwaachia kunywa maji ya kisima mpaka walipe hongo. Kutokana na ugomvi ule tukawa watani. Mtani anakwambia lolote, hukasiriki. Na mtani akiingia kwako akashika kitu, huwezi kumpokonya. Unakikomboa kwa anachotaka yeye.

Alikuwa amekaa kwenye gunia anabangua karanga za mbegu, mguu wa kushoto umevimba ameuweka juu ya kigoda. Mzee wa miaka sabini na tano, lakini vidole vyake vilikuwa bado vyepesi, karanga zinaruka tu. Nikakaa, nikachukua za kwangu nikaanza kumsaidia.

"Mtoto wa Twalibu amekuja kwangu," nikasema.

"Anachimba yule, kama nguchiro. Nimemwambia nilikuwa nalima."

"Na mimi nimemwambia ulikuwa unatengeneza vipaza sauti."

"Basi. Tumesema vizuri wote wawili."

"Zablon, Tumebeba ni ya nani?"

Akabangua karanga tatu. "Si mmeandika mpaka kwenye kaburi?"

"Nimekuuliza wewe."

"Ya mumeo."

"Niangalie useme hivyo."

Hakuniangalia. "Shemeji, kuna neno nilimpa Leodgar. Mtu akiwa hai unaweza kumwendea ukamwambia, ndugu, neno lako limenichosha, lichukue. Akishakufa unalirudisha kwa nani?"

"Neno gani?"

"Nikikwambia nimelivunja."

Niliinuka. Nikaingia ndani ya nyumba yake bila kuomba. Gitaa lilikuwa limetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda. Nikalitungua, nikatoka nalo, nikakaa nalo mapajani.

"Nimeshika," nikasema.

"Weka hilo, shemeji."

"Nimeshika, Mnyamwezi. Babu zako walilipa kwa maji ya kunywa tu."

"Lina nyuzi tano hilo. Lina umri wa binti yako Magreth."

"Komboa."

"Nilikomboe na nini? Kuku? Yule mwekundu mchukue, anadonoa mayai."

"Unajua nataka nini."

Akaanza kucheka, akaacha. Upepo ulipeperusha maganda ya karanga, tukayaangalia yanavyokwenda. Mwishowe nikamuuliza kwa upole, kwa sababu mzee alikuwa amebanwa kweli: "Leodgar alikukataza umwambie nani? Paroko? Kwaya?"

"Hao hakuwataja."

"Sasa?"

"Alisema, 'Zablon, wengine wakijua nitaona aibu, na aibu inapita. Josepha asijue.'"

Jina langu hilo. Nikalikumbatia gitaa la watu. Nilikuwa nakumbuka kitu nilichokuwa nimekiona miaka mingi bila kukielewa. Kila tulipoimba Tumebeba, Leodgar akiwa mbele anatuongoza, nilikuwa namwangalia kwa fahari, na yeye alikuwa anaangalia besi, wale wanaume wa nyuma. Hakunitazama hata mara moja mpaka wimbo uishe. Nilifikiri ni unyenyekevu. Nilikuwa namsifia kwa wenzangu.

"Lete hapa," Ngollo akasema. "Umelishika kama mwiko wa ugali. Nikuonyeshe linavyoshikwa."

Nikampa. Akakaza nyuzi zake tano. Akaanza na Batuli, kwa mbali, kama anayejikuna. Kisha bila kupumzika akaingia kwenye nyingine, na ilikuwa Tumebeba. Lakini jamani, ilikuwa inakwenda! Sisi tunauimba kama watu wanaopanda mlima. Kwake walikuwa wamefika, wanatua mizigo wanacheka. Nikajikuta naitikia sauti yangu ya pili. Ukaja ule ukimya, mapema kuliko nilivyozoea, na mimi, alto wa zaidi ya miaka thelathini, nikatumbukia mzima mzima. Sauti yangu ikasikika peke yake mpaka kwa jirani.

Ngollo alicheka akashika mbavu. Kisha akaendelea. Alizipiga zote saba, moja baada ya nyingine, na mimi nikawa nakunja kidole kwa kila moja. Baada ya ya saba akalilaza gitaa.

"Mimi sikusema neno," akasema.

"Hukusema."

"Ulisikia gitaa tu."

"Nilisikia gitaa. Limekombolewa."

Nilimwacha anywe maji. Kisha nikauliza lile ambalo halikuwa neno la Leodgar. "Wewe kwa nini ulikubali?"

"Hilo ni langu, naweza kusema." Akaupapasa mguu. "Mimi nilikuwa na waitikiaji watatu, mmoja mlevi. Mwenzangu alikuwa na watu sitini, na wanafika kwa wakati. Halafu watu wa dansi walinisema miaka kumi kwamba nyimbo zangu fupi. Ninyi mlipoona Tumebeba ni mfupi mkauimba mara mbili. Shemeji, sijawahi kuombwa mara ya pili mahali pengine popote."

"Na jina lako?"

"Mngeimba wimbo wa mtu wa baa? Tena Mmoravian?"

Nilifikiri kwa haki. "Mwaka ule, hapana."

"Basi. Yeye alikuwa na mashindano ya kwaya za dekania, kila mwalimu alete wimbo wa kwake. Ukawa mmoja, ukawa wa pili. Mwisho mwenyewe aliacha kuniita. Alisema saba zinatosha kwa dhambi moja."

"Uliwahi kuzisikia zikiimbwa?"

"Redioni, sikukuu. Na misibani." Akatabasamu. "Nimezika Wakatoliki wengi nisiowajua, shemeji."

*

Magreth, binti yangu, yuko Mwanza. Nilimpigia siku ileile kabla sijapoa.

"Mama, baba yuko kaburini. Hawezi kujitetea."

"Ndiyo maana nasema mimi, ninayempenda."

"Watu watasema alikuwa mwizi. Unamvua nguo mbele za watu!"

"Namvua koti la mtu, Magreth. Nguo zake anazo."

"Zipi? Zile ishirini na nne ambazo hakuna anayeziimba?"

Akakata simu. Nilishika rozari, lakini kila fumbo nililoanza lilinirudisha palepale: miaka hii yote nimekaa kiti cha mbele kwa wimbo ule. Nani alipaswa kukaa pale? Na nikinyamaza, binti wa Twalibu atapeleka karatasi yake Dar ikiwa na ule weupe wa vidole vinne, na Ngollo ataingia kaburini kama mtu aliyelima karanga miaka tisa. Kwa hilo ningekuwa nimefunga mlango mara ya pili, safari hii nikijua kuna nini ndani.

Jumapili baada ya misa nilimwendea Silasi, mwenyekiti wa kwaya, nikamweleza yote pale kwenye ngazi za kanisa. Silasi ni mtu wa amani, hapendi vumbi litimke.

"Mama Magreth, ya nini? Wimbo ni wa Mungu."

"Wa Mungu?"

"Wa Mungu kabisa."

"Kama ni wa Mungu, mbona kona ina jina?"

Akakohoa. "Ile ni desturi tu."

"Basi kwa desturi hiyohiyo, mtoe mume wangu muweke mwenyewe. Kama hamuwezi, kateni kona zote ziwe wazi, tuimbe wa Mungu."

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Zote saba? Hata ile ya Pasaka?"

"Hata ile."

"Mimi nilijua ile ya Pasaka ina namna fulani," akasema Silasi. "Kila nikiiimba mguu wangu unataka kufanya mambo yake."

Najiat nilimpigia Jumatatu nikamweleza. Nilitegemea atapiga kelele kwa furaha. Badala yake akauliza, "Wewe, mama, uko sawa?" Nikamwambia alete mashine yake Jumatano. Nilichagua siku hiyo mwenyewe.

*

Walikuja kanisani watu arobaini na wanane. Wengine walikuja kuimba, wengine kunitazama usoni, na wawili wa sauti ya kwanza hawakuja kabisa, walituma neno kwamba hawatashiriki kumdhalilisha Mwalimu. Sikuwalaumu. Magreth alikuwa bado hajanipigia.

Najiat alivua viatu mlangoni, tukamwambia kwetu si lazima, akavishika mkononi hivyohivyo mpaka mbele. Akasimamisha vinasa sauti vyake viwili kwenye miguu ya chuma. Silasi akagawa karatasi mpya. Nakala ya kwanza niliiandika mimi kwa mkono wangu, kabla haijapelekwa kwenye mashine ya kunakili. Kwenye kona niliandika Z. Ngollo, na nilipomaliza niliona nimebonyeza kalamu mpaka imeacha alama kwenye kitambaa cha meza.

Ngollo alikaa kiti cha mbele, shati limenyooshwa, fimbo katikati ya magoti. Nilipokuwa napita kwenda kwenye mstari wangu akanishika kanga.

"Kaa hapa, Mgogo."

"Mimi ni alto."

"Wapo kumi na mmoja wale. Wewe umewahi kuusikia?"

"Nauimba tangu themanini na tisa!"

"Sikuuliza kuimba."

Basi nikakaa. Silasi akasema tutaanza na mara moja ya majaribio, akainua mkono.

Ajabu, nilikuwa siujui. Ukiwa alto unasikia alto. Jirani yako anapiga kelele sikioni, mbele yako mgongo wa mtu, na wewe unahangaika usidondoke. Nilikuwa naishi ndani ya wimbo ule kama mtu asiyewahi kutoka nje akaiona nyumba yake. Sasa nikaona sauti ya pili inavyopanda juu ya ya kwanza, kweli ni gitaa lile lile la Batuli. Nikasikia makofi ambayo sisi hatuyapigi yanavyotakiwa kuwepo. Kila nilichokisikia kilikuwa cha mtu huyu wa pembeni yangu, na moyo wangu ulikuwa unashuka ngazi moja moja. Magreth alikuwa ameuliza vizuri. Zipi?

Ukaja ule ukimya. Wakaingia wote. Na chini kabisa, wakati sauti zote zinakwenda juu, kitu kimoja kilikuwa kinashuka. Taratibu, hatua kwa hatua, kama mtu anayekunja magoti ili autue mzigo usivunjike.

Wimbo ukaisha. Nikamgeukia Ngollo. "Ile ya chini pale mwisho, umeitoa wapi?"

"Ipi?"

"Besi. Inashuka wakati wote wanapanda."

"Aa, ile si yangu." Alisema hivyo kama mtu anayekataa mwavuli usio wake. "Mimi wapi na besi! Mimi nilimpa kitu cha magitaa mawili. Aliporudi nacho kikiwa na ile ngazi chini, nikamwambia, Leodgar, hii nini? Akaona haya, akasema ataifuta. Nikamwambia ukiifuta nakunyang'anya wimbo wangu."

"Na zile sita nyingine?"

"Ana kitu chake huko chini kila mahali. Hukuwahi kusikia?"

Wale wanaume wa nyuma. Ndiko alikokuwa anaangalia.

Najiat akainua kidole: sasa ni kweli, anarekodi, mtu asikohoe. Silasi akainua mkono tena. Kwaya ikaanza, na Ngollo akainamia sikio langu.

"Wanavuta mno, shemeji, waambie wa—"

"Nyamaza, Mnyamwezi," nikamwambia. "Nasikiliza besi."